Kichwa Namba Kumi na Saba

Nyarugusu, 2 Machi 2025

Ruphin mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na kazini. Sisi tupo hapa kambini, mimi na wanangu. Jocelyne amefaulu mtihani, anaingia darasa la saba. Mvua iliangusha ukuta wa jikoni, Gradi akaujenga upya kwa matofali aliyoyafyatua mwenyewe. Amerefuka mno, siku hizi akiingia ndani anainama. Mama mkwe bado analalamika goti, na akisahau goti analalamika chumvi.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu imenishinda. Iko mikononi mwa shemeji Jean-Claude, na ukipiga wote wanakaa kuizunguka kama wanaota moto. Wewe unasema "Mungu atatutia nguvu, yaya, dada yangu," halafu inakatika. Spéciose anakwenda huko Johannesburg kila mwezi kununua nguo za kuuza. Atakuwa anapeleka barua zangu na kuleta zako.

Juvénal aliuawa tarehe 18 Januari, leo ni siku ya arobaini na tatu. Ninachojua ni kwamba kundi la watu liliingia karakana yenu ya kushonea nguo mchana, wakampiga mume wangu mpaka akafa, nanyi mkamzika. Jumamosi zote ulikuwa ukifanya kazi naye. Hujaniambia siku ile ulikuwa wapi. Hujaniambia nani alimpiga.

Wewe tangu sekondari pale Uvira unaandika kila siku kwenye daftari, hata siku uliyoumwa tumbo uliandika umeumwa tumbo. Basi fungua daftari uniandikie. Nataka uso, Ruphin. Nikilala namwona mtu anampiga Juvénal, na mtu huyo kichwa chake ni laini kama chungu, hakina macho wala mdomo. Nipe uso nijue ninamchukia nani.

Dada yako,
Clémentine

*

Doornfontein, 23 Machi 2025

Yaya Clémentine,

Barua yako nimeipata kwa Spéciose tarehe 14, ikiwa imekunjwa ndani ya kiatu ili isilowe. Nashukuru. Mpe Jocelyne hongera. Mwambie mama mkwe nimemnunulia dawa ya kuchua goti, Spéciose anayo.

Bado ni mlinzi kwenye ukumbi wa sanaa pale Braamfontein, Jumatatu hadi Ijumaa. Tangu Agosti ukutani kuna maonyesho ya vichwa. Ni michoro thelathini na mmoja, iliyochorwa Ulaya karibu miaka mia tatu iliyopita, Italia na Uingereza zaidi. Kuna mzee ambaye pua yake inagusa kidevu. Kuna mwanamke mwenye mdomo kama wa bata na lulu shingoni. Mwalimu Mwatumu, mama wa Tanga anayefundisha chuoni, ndiye aliyeyapanga. Alinieleza kwamba baadhi ni vikaragosi vya watu wa kweli: mchoraji alitafuta kitu kimoja usoni, akakizidisha, na mtu akafanana na nafsi yake kuliko kwenye picha nzuri. Matajiri walilipa ili wachorwe vibaya wacheke na marafiki zao. Mimi nasimama nao saa tisa kwa siku. Mama Mwatumu hunitania: "Ruphin, huyo namba kumi na saba ukizidi kumtazama atakuja kukuposa." Nami nimejifunza kuchora kwa kuwatazama, kwa penseli, wakati wa chakula.

Sasa la Juvénal.

Siku ile kulikuwa na maandamano ya kutaka wageni waondoke. Tulidhani yatapita barabara kubwa. Saa nane mchana waligonga mlango wa chuma kwa nyundo mpaka bawaba zikang'oka. Niliona kama watu kumi na wawili. Mmoja alivaa buti za njano za wajenzi, mwingine raba nyeupe zilizopasuka kidoleni. Juvénal alikuwa anapiga pasi majoho ya kwaya. Walimpiga kwanza kwa rungu, magotini. Alipoanguka mmoja aliichukua ile pasi, bado ina moto, akampiga nayo kichwani. Nilisikia nyama ikiungua. Nilisikia mfupa, unalia kama kibuyu kikavu. Walimwaga vifungo vyote sakafuni na kuvikanyaga, na damu ilipofika kwenye vifungo ilivizunguka kimoja kimoja. Yalidumu dakika kumi na moja. Polisi walifika saa kumi.

Watu wetu wanasema aliyewaonyesha mlango ni mmoja wetu, mgeni kama sisi, kwa sababu karakana haina kibao nje. Umeniomba uso. Juzi nimekaa chini nikamchora huyo. Karatasi iko humu ndani. Taya lake limetoka mbele kupita pua, mdomo wa chini unaning'inia, ana chunjua karibu na tundu la pua, sikio limepanda juu. Ukikutana naye huwezi kumkosa.

Jitunze, yaya.

Ruphin

*

Nyarugusu, 20 Aprili 2025, siku ya Pasaka

Ruphin mdogo wangu,

Kristo amefufuka. Dawa ya goti imefika na mama mkwe ameipaka hata kiunoni. Tumekula kuku mmoja watu tisa.

Mchoro nimeutundika juu ya kitanda. Usiku wa kwanza nililala mpaka asubuhi, mara ya kwanza tangu Januari. Yule mwenye kichwa cha chungu hakuja. Amekuja huyu wako, mwenye taya, nami nikamtukana mpaka nikachoka. Sikujua kwamba kumjua mtu kunapumzisha hivi. Ahsante.

Jean-Claude ameupiga picha na simu, akautuma kwenye kundi la wasapu la kanisa lenu huko. Anasema vijana wameapa kumtafuta.

Gradi anautazama kila akiamka.

Kitu kimoja. Nimesoma barua yako mara nyingi. Umeniandikia buti, raba, vifungo na sauti. Ulikuwa umesimama wapi hata ukaona viatu vyao vizuri hivyo?

Clémentine

*

Doornfontein, 11 Mei 2025

Yaya,

Salamu kwa wote, na samahani kwamba leo sitaongeza salamu nyingine. Nimepiga simu mara tatu wiki hii. Mara zote amepokea Jean-Claude. Nilipomwambia ninayokuandikia hapa alisema, "Umeanza kuogopa, wewe," akakata.

Jumamosi, tarehe 3 Mei, vijana wanne wa kanisa letu walikwenda mjini, karibu na stendi ya teksi. Pale kuna fundi viatu anaitwa Nassir, Mrundi, Mwislamu wa mtaa wa Buyenzi kwao, ana taya pana kidogo. Waliiweka simu yenye mchoro kando ya uso wake. Mmoja wao, Pacifique, alinisimulia mwenyewe, akijisifu. Alisema Nassir aliutazama mchoro akacheka, akauliza, "Nani kanichora vibaya hivi?" Alidhani ni mzaha wa mteja.

Walimpiga kwa nyundo yake. Walimlaza kichwa juu ya kile chuma cha kushikilia kiatu, wakapiga taya kana kwamba wanagonga soli. Limevunjika mahali pawili. Jicho la kushoto limepasuka, halitarudi. Wauza nyanya walisogeza meza zao ili zisiingie damu, wakaendelea kuuza. Pacifique aliniambia, "Kaka Ruphin, tumemaliza kazi yako." Kazi yangu.

Nassir tarehe 18 Januari alikuwa Durban kwenye harusi ya mdogo wake. Picha zipo, ana ua kifuani. Hakuna aliyemuuliza.

Jumatatu nilikwenda kazini, nikasimama mahali pangu. Nilitoa simu kutazama ule mchoro unaozunguka, halafu nikainua macho. Namba kumi na saba alikuwa mbele yangu. Taya lilelile, mdomo uleule, chunjua karibu na tundu lilelile la pua, sikio limepanda vilevile. Nilipochora Machi nilimvua kofia tu, nikampa ngozi nyeusi kwa ubavu wa penseli. Vingine vyote ni vyake.

Nilimwendea Mwalimu Mwatumu nikamuuliza, "Huyu namba kumi na saba alikuwa nani?"

"Si mtu huyo," akasema. "Si kama wale wengine. Huyu ni kichwa cha kubuni, mchoraji alikuwa anacheza na mkono wake tu. Hajawahi kuzaliwa. Kwa nini?"

Nikasema nilitaka kujua tu.

Kisha nikafanya nilichopaswa kufanya mwezi Machi. Nilifungua daftari, tarehe 18 Januari. Nakunakilia: "Sikuona uso wa yeyote kati ya walioingia. Hakuna niliyemsikia akiwaonyesha mlango." Niliandika jioni ileile, mwandiko ni wangu na unasomeka. Miezi miwili baadaye wewe uliomba uso, na nilipokaa na penseli mkono ulikuwa na uso mmoja tayari.

Uchome huo mchoro. Mwambie Gradi. Mwambie kila mtu aliyeuona kwamba yule mtu hayupo, hajawahi kuwepo. Vijana wanasema Nassir akitoka hospitali watamalizia.

Swali lako nimeliona. Niache kwanza.

Ruphin

*

Nyarugusu, 14 Mei 2025

Ruphin,

Sisi wazima. Barua hii anakuletea Gradi mwenyewe, anaondoka kesho na wafanyabiashara wa Tunduma. Ameuza simu yake, kwa hiyo usimtafute njiani. Mchoro ameubeba yeye.

Pacifique ametuma habari kwamba yule wa mchoro amepatikana na kwamba bado anapumua. Gradi ni mtoto wa kwanza wa Juvénal. Usimwambie maneno mengi. Mwonyeshe anapoishi huyo mtu, halafu nenda kazini kwako.

Clémentine

*

Doornfontein, 8 Juni 2025

Yaya Clémentine,

Gradi alifika tarehe 26 Mei, ni mzima. Anakula. Nimempa kitanda. Hesabu yangu ni kwamba barua yangu na yeye walipishana njiani, labda pale mpakani Tunduma, mabasi mawili yamesimama uso kwa uso.

Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zimelala. Nitaeleza kwa mpangilio.

Siku ya kwanza nilimweleza yote niliyokuandikia Mei. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mjomba, mama alisema utaogopa." Siku ya pili nilimweleza tena, akasema hivyohivyo. Siku zilizofuata alikuwa anazunguka na Pacifique. Nilijua watapafika kwa Nassir, mimi nikiwepo au nisipokuwepo. Nikafikiri: nitampeleka mwenyewe, ausimamishe mchoro karibu na mtu, ataona hawafanani. Nilikuwa na hakika. Nassir niliwahi kumpelekea viatu, ni mtu wa uso wa kawaida tu.

Jumapili tarehe 1 Juni, saa nne asubuhi, tulikwenda. Anaishi chumba kimoja na mkewe, orofa ya tatu. Alikuwa ametoka hospitali siku sita kabla. Mkewe alitufungulia kwa sababu nilisema nimeleta viatu.

Yaya, sikuwa nimemwona tangu apigwe. Taya limefungwa kwa waya, limevimba mpaka limetoka mbele kupita pua. Mdomo wa chini hauna nguvu, unaning'inia na kutoa mate. Upande wa jicho lililokufa ngozi imevuta kila kitu juu, hata sikio. Karibu na tundu la pua pana kovu bichi la mviringo, mahali nyundo iliteleza.

Gradi aliikunjua karatasi, akaishika kando ya uso ule. Alitazama huku, akatazama huku.

"Ni yeye, mjomba," akasema. "Tazama mwenyewe."

Nilitazama. Alikuwa yeye. Vijana wetu walikuwa wamemfanya awe yeye.

Juu ya meza palikuwa na kisu cha kukatia ngozi. Gradi alikifikia kabla sijamaliza kufikiri. Mke wa Nassir alipiga ukelele, akajilaza juu ya mumewe, Gradi akamvuta kwa nywele akamtupa kwenye jiko la gesi. Nilikishika kisu kwenye makali, hapakuwa na pengine pa kushika. Kilipita hadi mfupani. Vidole viwili havitakunja tena, daktari amesema. Alikuwa anavuta, nami nashikilia, na damu inamwagikia Nassir kwenye waya zake, na Gradi ana nguvu, yaya, umemlisha vizuri. Nilijua baada ya pumzi mbili ataniponyoka.

Nikasema, "Gradi, nilikuwa chini ya meza."

Akaacha kuvuta. "Meza gani?"

"Ya kukatia nguo. Walipogonga mlango niliingia chini ya meza, kitambaa kinafika sakafuni. Niliona viatu tu. Uso huo nimeutoa ukutani kazini kwangu."

"Wakati wanampiga baba, wewe uko chini ya meza."

"Ndiyo."

"Dakika kumi na moja."

"Ndiyo."

Alikiweka kisu mezani taratibu. Kisha alinipiga mimi. Alianza na pua, ikavunjika kwa ngumi ya kwanza. Nilipoanguka alitumia miguu. Nimepoteza meno matatu ya juu na mbavu moja imepasuka. Sikujikinga. Siandiki hilo kama lawama kwake, naandika lilivyokuwa. Aliyemtoa juu yangu ni mke wa Nassir, aliyempiga mgongoni kwa sufuria na kumwambia, "Toka, mshenzi wewe, mtoto wa watu, utaua wangapi?" Gradi akakaa sakafuni, akatazama mikono yake.

Nassir hawezi kusema. Alinyoosha mkono akaomba ile karatasi. Aliitazama muda mrefu kwa jicho moja, akachukua kalamu ya kupimia soli, akaandika chini yake: "Huyu nani?" Akanirudishia.

Jumanne nilikwenda polisi, ambako nao walikuwa wameubandika ukutani, nikatoa maelezo kwamba mchoro ni wa uongo, nikawataja vijana wanne. Askari alinitazama uso wangu ulivyo, akasema, "Eish, baba. Kwa hiyo ukutani hapa tumebandika mzungu aliyekufa?" Alicheka, halafu akaandika. Pacifique na mwingine mmoja wamekamatwa. Kanisani nimeambiwa nisirudi. Juzi mlango wangu ulipakwa kinyesi. Kazini Mwalimu Mwatumu ameniombea likizo ya wiki mbili, akanikodolea macho mpaka nikageuka.

Gradi bado yupo kwangu. Haniiti mjomba tena. Nikiongea naye anajibu kwa kichwa.

Ruphin

*

Nyarugusu, 29 Juni 2025

Ruphin,

Barua yako ya Mei ilinifikia siku tano baada ya Gradi kuondoka. Sikuijibu. Ya Juni imefika jana. Nimemsomea Jean-Claude kwa sauti, na amefuta ule mchoro kwenye simu, akawapigia wa kanisani mmoja mmoja. Analia, lakini hilo ni lake. Jicho la mtu yule ni langu pia. Mimi ndiye niliyeomba.

Ile meza naijua. Juvénal aliwahi kunitumia picha yake akiwa amekaa juu yake kama mfalme. Sasa nijibu mambo mawili. Aliangukia upande gani? Na alikuona?

Usiniandikie salamu. Usiniandikie kazi. Usiniandikie tarehe na saa.

Clémentine

*

Doornfontein, 13 Julai 2025

Yaya,

Aliangukia upande wangu. Kitambaa kilikuwa kimeinuka kidogo pembeni, na kati ya uso wake na wangu palikuwa na nafasi ya kiganja.

Aliniona.

Uso huo mmoja niliuona, na ndio ambao siwezi kuuchora. Nimejaribu tangu Machi. Nilipokuandikia kwamba mkono ulikuwa na uso mmoja tayari, sikueleza kwamba nilikuwa nakimbia mwingine.

Hawakumaliza kwa pigo lile la kwanza la pasi, kama nilivyokufanya uamini. Cherehani zote mbili zilikuwa zimeachwa zikiwaka taa. Mmoja wao, yule wa buti za njano, alisema, "Mashine mbili. Mwingine yuko wapi?" Walitaka watu wawili. Juvénal alikuwa bado anaweza kusema. Alisema, "Niko peke yangu."

Wakampiga kwa pasi. Wakauliza tena. Alisema, "Niko peke yangu."

Mimi nilikuwa nimejiziba mdomo kwa joho la kwaya. Ningetoka wakati ule wangekuwa na mtu wa pili, na labda wangepunguza kumpiga yeye, na labda asingekufa. Nimelifikiria hilo kila siku na sina jibu jingine la kukupa. Sikutoka. Miguu ilikuwa mizima, hakuna kilichonizuia.

Walimuuliza mara nne. Mara ya nne meno hayakuwepo, ilikuwa pumzi na damu tu, lakini mimi niliyekuwa karibu nilielewa, nao walielewa. Muda wote hakuondoa macho yake kwangu. Hakunilaumu kwa macho, na hakuniomba. Alikuwa ananishikilia pale nilipo, kama mtu anayemwekea mtoto kidole midomoni ili anyamaze.

Kisha wakaondoka, kwa sababu walimwamini.

Ruphin